Kabla mikono haijafika kichwani: barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo vikuu vya Uganda

Kwa Makamu Wakuu wa Vyuo Vikuu, vya umma na vya binafsi,
Kwa wenyeviti wa kamati za maadili ya utafiti,
Kwa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na kwa Wizara ya Afya.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote. Naandika kuhusu utafiti wa tiba ya kushika kichwa kwa mikono, iitwayo kraniosakro, unaofanywa kwa wanafunzi wenye wasiwasi. Mimi ni muuguzi mstaafu wa afya ya akili, mzaliwa wa Arua, mkazi wa Bombo. Miaka 31 nimekaa na watu ambao roho zao ziko juu juu: wasiopata usingizi, wanaohesabu mapigo ya moyo saa tisa za usiku, wanaoletwa kwa boda boda wameshika kifua wakiamini wanakufa, kumbe ni wasiwasi. Wanafunzi wenu nimewapokea wengi. Kwa Kiganda husema okweraliikirira, sisi tunasema ana mawazo, na mwenyewe mara nyingi hana jina la kuliita jambo lake. Anachojua ni kwamba karatasi ya mtihani ikigeuzwa tu, vidole vinakufa ganzi.

Nimeandika kwa Kiswahili makusudi. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi ya nchi yetu, na katika mabweni yenu wamo watoto wa Arua, wa Koboko, wa Busia, wa kambi za jeshi, na waliokimbia vita Kongo na Sudan Kusini. Wengi wao wakitaka kusema lililo moyoni husema kwa lugha hii. Nitarudi kwenye lugha hapo mbele, maana inahusika.

Jambo lenyewe ni hili. Mpwa wangu, mtoto wa mdogo wangu wa tumbo moja, alikuwa mwaka wa pili katika chuo ambacho sitakitaja. Karo ilikuwa haijakamilika, na bila karo kukamilika kibali cha mtihani hakitoki. Somo moja alikuwa analirudia. Akawa hali, halali, anatembea na chupa ya kahawa. Kwenye ukuta wa hosteli yao kukabandikwa tangazo: tiba ya kichwa kwa mikono, haina dawa, inaondoa wasiwasi, wanafunzi wanakaribishwa kushiriki utafiti. Shilingi 50,000 kwa kikao, vikao sita. Akaenda. Alilazwa chali, mtu akaweka viganja chini ya kisogo chake akakaa kimya nusu saa. Jioni ile akanipigia simu: “Mama mkubwa, leo nitalala.” Na kweli alilala.

Kabla ya kikao alijaza karatasi ya maswali saba, na baada ya kikao akajaza ileile. Karatasi ya ridhaa hakupewa. Hakuna aliyemuuliza kama amewahi kufikiria kujidhuru, na siku zile alikuwa amefikiria. Hakupewa namba ya kupiga usiku. Alipouliza utafiti ni wa nani, akajibiwa ni wa kituo. Baada ya kikao cha nne pesa iliisha, na wiki ya mitihani alisimama mlangoni mwa chumba cha mtihani, miguu ikakataa kuingia. Tulimfikia siku hiyohiyo kwa sababu mwenzake wa chumbani alikuwa na akili ya kunipigia. Leo anaendelea vizuri, anaonana na mshauri nasaha kila wiki, na amerudi darasani. Lakini nikimuuliza kuhusu ile mikono, bado ananiambia: “Ilinisaidia, Mama mkubwa. Usiende kuwaambia watu ilikuwa ya bure.”

Nami siwaambii hivyo. Ninawaambia kwamba mtoto yule aliingizwa katika kitu kilichoitwa utafiti, na kitu chenyewe hakikuwa na njia yoyote ya kugundua kama mikono inatibu au haitibu. Kilikuwa kimetengenezwa kitoe jibu moja. Nawaomba msiruhusu utafiti wa namna hiyo ndani ya vyuo vyenu. Na nawaomba, kwa uzito uleule, muukaribishe ule wa kweli.

Tiba yenyewe ina historia, na mnaoombwa kuipitisha mnastahili kuijua. Ilianzia Marekani. Mwaka 1899, katika mji wa Kirksville, jimbo la Missouri, kijana aliyeitwa William Garner Sutherland alikuwa anasomea osteopathia, tiba ya kunyoosha mwili kwa mikono iliyoasisiwa na Andrew Taylor Still. Alitazama fuvu lililotenganishwa vipande, akaona kingo za mfupa wa pembeni mwa kichwa zimechongeka kama mashavu ya samaki. Akawaza: shavu la samaki ni la kuvutia pumzi, basi huenda na mifupa hii inajongea kama inayopumua. Kutokana na wazo hilo, mengine yote yakafuata. Miaka ya 1970 daktari John Upledger, naye Mmarekani, akaipanua na kuieneza kwa jina la tiba ya kraniosakro, yaani ya fuvu na mfupa wa kiuno. Wafuasi wake husema maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo yana mdundo wake, mara 6 hadi 12 kwa dakika, na kwamba mkono uliofunzwa unaweza kuusikia na kuurekebisha kwa mguso mwepesi wa gramu 5 hivi. Kuna mbinu moja ya kubana kisogo kwa viganja, na hiyo ndiyo husifiwa zaidi kwa kutuliza watu. Nadhani ndiyo aliyofanyiwa mpwa wangu.

Kila mama amewahi kuona utosi wa mtoto mchanga ukipwita, kwa hiyo wazo kwamba kichwa kina mwendo wake halitushtui. Lakini utosi hufunga. Kwa mtu wa miaka 20 mifupa ya fuvu imekwisha kushikana kwa maungio yenye meno meno, na wataalamu wengi wa anatomia hawakubali kwamba uzito wa gramu 5 juu ya ngozi unaweza kuisogeza. Tena, watabibu wawili wanapowekwa kuhesabu mdundo huo kwa mgonjwa mmoja wakati mmoja, hesabu zao hazikubaliani. Hili limepimwa mara kadhaa. Mapigo ya moyo mkihesabu wawili mtapata namba moja. Huu mdundo kila mkono unasikia wake.

Mtu anaweza kusema basi, yameisha, tuitupe. Mimi sisemi hivyo. Maelezo ya tiba yanaweza kuwa na makosa na bado tiba ikamfaa mgonjwa kwa sababu nyingine. Kushikwa kwa upole, kulazwa mahali tulivu nusu saa, kukaa na mtu mzima asiyekudai kitu wala kukuuliza matokeo: mwanafunzi wa leo anapata wapi hayo? Bibi zetu walitukanda kwa mafuta ya simsim tukiwa na homa, na hawakuwa na nadharia yoyote ya maji ya ubongo. Swali ninalotaka mlijibu kwa ajili ya watoto hawa ni hili: je, mbinu hii inaongeza chochote juu ya kupumzika na kushikwa? Kama haiongezi, hakuna haki ya kumtoza mwanafunzi 300,000 kwa jina la utaalamu. Kama inaongeza, tunataka kujua ni kiasi gani, kwa nani, na inadumu siku ngapi.

Swali hili si jipya, na namna ya kulijibu ina umri wa zaidi ya miaka 200. Mwaka 1784 jijini Paris alikuwapo daktari Franz Anton Mesmer aliyedai anatibu kwa nguvu isiyoonekana inayotoka mikononi. Watu walitetemeka, walilia, walizimia, kisha wakasema wamepona. Mfalme Louis XVI akaunda tume, na Benjamin Franklin, mwanasayansi wa Marekani, akawa ndani yake. Tume iliwafumba watu macho. Walioambiwa wanatibiwa ilhali hakuna anayewatibu walitetemeka vilevile. Waliotibiwa bila kuambiwa hawakusikia kitu. Wale watu hawakuwa waongo. Walichosikia walikisikia kweli, ila kilitoka katika kutarajia. Ndiyo maana namheshimu mpwa wangu anaposema alisaidiwa, na ndiyo maana hiyohiyo siwezi kulichukua neno lake kuwa ushahidi wa tiba.

Sasa nije kwenye jaribio lenyewe, na hapa niruhusuni nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu hupotezwa.

Angalieni kwanza ile karatasi ya maswali saba. Naifahamu, ilitungwa mwaka 2006 na inatumika dunia nzima. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 21, na anayefikisha 10 anapaswa kuchunguzwa zaidi. Ni karatasi nzuri. Lakini inauliza kuhusu wiki mbili zilizopita. Anayempa mwanafunzi karatasi hiyo saa nne asubuhi, akamshika kichwa nusu saa, kisha akampa tena, anauliza kama wiki mbili zilizopita zimebadilika ndani ya nusu saa. Mtafiti anayefanya hivyo hajaisoma karatasi yake mwenyewe. Yapo maswali mengine yaliyotungwa kupima wasiwasi wa wakati huu huu, na ndiyo yanayofaa kabla na baada ya kikao. Hayo saba yangoje wiki kadhaa.

Wengine watawaletea mate. Watasema tumepima kotisoli, homoni ya msongo, mateni, kabla na baada, ikashuka, hivyo mwili wenyewe umethibitisha. Waheshimiwa, kotisoli hupanda mtu anapoamka asubuhi, hufikia kilele muda mfupi baadaye, kisha hushuka yenyewe mpaka usiku. Mchukue mate asubuhi, mwache akae akisoma gazeti, mchukue tena kabla ya chakula cha mchana: imeshuka. Na mapigo ya moyo hupungua kwa mtu yeyote aliyelala chali chumbani kimya. Vipimo hivi vina maana pale tu ambapo kuna kundi la kulinganishia lililopimwa saa zilezile, likiwa limelala kitanda kilekile.

Na kuna kalenda ya chuo. Wasiwasi wa wanafunzi hupanda wiki za mitihani na hushuka mitihani ikiisha. Anayewaandikisha wakiwa kileleni na kuwapima tena wakiwa wamerudi kwao Masaka au Soroti kwa likizo, atapata nafuu kubwa hata kama tiba yake ni kuwapa maji ya kunywa. Hata pasipo mitihani, mtu huja kutafuta msaada siku aliyozidiwa, na siku aliyozidiwa hufuatwa na siku iliyo afadhali. Muhula unatibu. Jaribio lisipoutenga muhula na tiba, sifa za muhula atachukua tabibu.

Dawa ya hayo yote ni makundi matatu yaliyopangwa kwa kura, siku moja, chini ya kalenda moja. Kundi la kwanza lifanyiwe tiba yenyewe na mtu aliyefunzwa. La pili lishikwe kichwa kwa muda uleule, chumba kilekile, maneno yaleyale, ila mikono itulie tu bila mbinu. La tatu lipate huduma ya kawaida ya ushauri nasaha ambayo chuo kinapaswa kuitoa. Tabibu atajua anachofanya, hilo halikwepeki. Lakini mwanafunzi wa makundi mawili ya kwanza asijue yuko lipi, na anayepima asijue. Mwishoni kila mmoja wa hao walioshikwa aulizwe: unadhani ulikuwa kundi gani? Wengi wakipatia, siri imevuja na matokeo yapunguziwe uzito. Nimewahi kusikia kwamba kumshika mtu kichwa bila kumtibu ni kumdanganya. Si udanganyifu akiambiwa mapema, kwa lugha anayoielewa, kwamba kura ndiyo itakayoamua na kwamba huenda akaangukia mikono isiyo na mbinu.

Idadi nayo. Kugundua tofauti isiyo kubwa wala ndogo kati ya makundi mawili, kwa viwango ambavyo watakwimu wamezoea, kunahitaji watu 64 katika kila kundi. Makundi matatu ni 192, na wanafunzi huacha njiani, kwa hiyo anzeni na zaidi ya hapo. Tofauti ikiwa ndogo, kila kundi linahitaji karibu 400. Mkiletewa ombi la kujaribu wanafunzi 20, kumi huku na kumi kule, mwulizeni mwombaji kama anataka kujua au anataka picha za kuweka kwenye tangazo. Jaribio dogo la kujifunza namna ya kufanya lile kubwa linakubalika, mradi liitwe hivyo na lisitoe hukumu. Ushahidi uliopo duniani juu ya tiba hii mpaka sasa ni dhaifu hasa kwa sababu hii: majaribio madogo, mengi bila kundi la mikono ya kuigiza, na yale yaliyofanywa kwa makini zaidi huwa na matokeo hafifu zaidi.

Kuna mambo ambayo kitabu kilichoandikwa Marekani hakitawaambia, na sisi tunayajua.

Moja ni nywele. Msichana aliyesuka rasta wiki hii ngozi ya kichwa inamuuma, na mguso mwepesi kwake si mwepesi. Nyingine ni hijabu. Wengi wa mabinti wanaotoka kwetu Bombo na kule Arua hawatavua mtandio mbele ya mwanamume, na hawapaswi kulazimishwa wala kuonewa haya. Basi awepo tabibu mwanamke, na swali la kama tiba inafanyika juu ya mtandio au chini yake lijibiwe kabla ya kuanza, kwa makundi yote sawa. Na hata kwa asiyefunika kichwa: chumba kimefungwa, mtu mzima, msichana wa miaka 19 amelala chali amefumba macho, anaogopa kufeli. Mnajua ninachosema. Mlango uwe na kioo au awepo mtu wa tatu, bila mjadala. Vyuo vyetu vimekwisha kusikia vilio vya kutosha vya wasichana waliotendewa vibaya na watu waliopewa mamlaka juu yao.

Kisha boda boda. Tiba hii haipaswi kufanywa kwa mtu mwenye damu inayovuja ndani ya fuvu, mwenye shinikizo kubwa la ubongo, au aliyeumia kichwa karibuni. Katika nchi nyingine hayo ni maswali ya kupita haraka. Kwetu, mwanafunzi aliyeanguka na boda wiki mbili zilizopita, akapanguswa michubuko na kurudi hosteli bila kupigwa picha yoyote ya kichwa, ni mtu wa kawaida kabisa. Anaumwa kichwa, halali vizuri, ana hasira, anadhani ni mitihani. Huyo akiingia mlangoni mahali pake ni hospitali. Nimewahi kumpokea mmoja wa aina hiyo kama mgonjwa wa wasiwasi, na damu ilikuwa inakusanyika taratibu chini ya fuvu. Alipona, kwa sababu daktari mwenye zamu aliuliza swali moja zaidi. Vivyo hivyo moyo kwenda mbio unaweza kuwa tezi ya shingo, unaweza kuwa upungufu wa damu, unaweza kuwa mairungi na vinywaji vya kuongeza nguvu. Atakayeendesha jaribio awe na mtu wa kuwapima kwanza.

Waheshimiwa wa Wizara, kinachonisikitisha zaidi ni kwamba Uganda yenyewe iliwahi kuwafundisha wengine namna ya kufanya kazi hii. Miaka ya mwanzo ya 2000, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, watafiti walianza kwa kuwauliza wanavijiji wenyewe huzuni ile wanaiitaje. Wakapewa maneno mawili ya Kiganda, yo'kwekyawa na okwekubazida, kujichukia na kujihurumia, na vipimo vikajengwa juu ya maneno hayo. Vijiji vikagawanywa kwa bahati nasibu. Katika nusu yake watu walikaa kwa makundi, dakika 90 kila wiki kwa wiki 16, wanaume peke yao na wanawake peke yao, wakiongozwa na watu wa hukohuko waliofunzwa kazi hiyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Waliokuwa na sonona kali katika vijiji vya mazungumzo walishuka kutoka asilimia 86 hadi 6.5, katika vijiji vingine walishuka kutoka 94 hadi 54.7. Tazameni hiyo namba ya mwisho. Hata wasiopata tiba, wapatao wanne kati ya kumi walipata nafuu. Bila vijiji vya kulinganishia, nafuu hiyo nayo ingehesabiwa kuwa kazi ya tiba. Ile ilikuwa sonona, na ninachoandikia leo ni wasiwasi. Najua tofauti yake. Lakini wenzetu wa Zimbabwe nao, kwa lile benchi la urafiki ambapo bibi wa mtaani humsikiliza mgonjwa, waliwapima wagonjwa 573 jijini Harare na mwaka 2016 wakaonyesha kwamba dalili za sonona na za wasiwasi zote hupungua. Mazungumzo yaliyopangwa vizuri, yakiongozwa na mtu wa kawaida aliyefunzwa, yamekwisha kupita katika tanuri ambalo mikono ya kichwani bado haijapita.

Kwa hiyo ninaogopa kitu kimoja kuliko vyote: mkuu wa chuo mwenye bajeti ndogo aambiwe kwamba meza moja na tabibu mmoja vinatosha, na ile nafasi ya mshauri nasaha iliyokuwa ijazwe ikaachwa wazi. Tiba ya mikono, hata ikithibitika, mwanafunzi hulala chini yake bila kusema neno. Mpwa wangu alikaa chini ya viganja vya mtu vikao vinne na siri nzito kifuani, na hakuna aliyeuliza. Mshauri alimuuliza siku ya kwanza.

Sheria mnazo. Utafiti wowote unaohusu watu hapa kwetu unapaswa kupita kwenye kamati ya maadili iliyoidhinishwa na kusajiliwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Ipo sheria ya mwaka 2019 ya tiba asili na tiba mbadala, na mnaweza kuuliza tabibu anatambuliwa chini ya nini. Shida ni kwamba jaribio la dawa watu wanalitambua: kuna kidonge, kuna Mamlaka ya Dawa, kuna mihuri. Jaribio la mikono halina kidonge, kwa hiyo hupita mlango wa hosteli kama huduma ya kusuka nywele. Nawaomba mtoe waraka mfupi kwa walezi wa mabweni na wenye hosteli: asiye na barua ya kamati asibandike tangazo la utafiti, na asipokee pesa ya mwanafunzi. Mshiriki wa jaribio halipi. Yeye ndiye anayetoa. Nauli na muda wake ndivyo vinavyopaswa kurudishwa.

Jaribio liandikishwe kabla ya mwanafunzi wa kwanza kuingia, katika daftari la majaribio ya Afrika lililoko Afrika Kusini ambalo Shirika la Afya Duniani linalitambua, na humo yaandikwe wazi: tutapima nini, lini, na jibu gani litatufanya tukubali kwamba haifai. Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti kwa watu, linataka jaribio liandikishwe kabla ya kuanza. Mtafiti akishaandika kwamba kipimo chake kikuu ni wasiwasi wiki ya sita, hawezi tena kuja na usingizi wa siku ya pili kwa sababu ndio uliotoka vizuri. Na matokeo yakiwa ni hapana, yachapishwe. Hapana hiyo ina thamani kubwa kwa mzazi wa Nebbi anayeuza mbuzi ili alipe vikao.

Karatasi ya ridhaa, ndipo narudi kwenye lugha. Iandikwe kwa Kiingereza kwa wanaokitaka, na kwa Kiswahili, Kiganda, Kilugbara, Kiacholi, kadiri ya chuo kilipo. Msiniambie wanafunzi wa chuo kikuu wote wanajua Kiingereza. Wanajua cha kujibia mtihani. Cha kueleza kwamba usiku nawaza kutokuwepo, wengi hawana, na swali hilo lazima liwemo katika jaribio, tena liulizwe na mtu aliyefunzwa, mwenye simu inayopokelewa usiku na njia iliyokwisha kupangwa ya kumfikisha mgonjwa hospitali, ikibidi Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili. Asiyeweza kuandaa hilo asiguse kichwa cha mtu mwenye wasiwasi.

Mpwa wangu nimemsomea barua hii kabla ya kuituma, kwa kuwa habari ni yake. Alitaka niongeze kwamba akiona tangazo la jaribio lenye masharti haya atajiandikisha. Nikamwuliza, na kura ikikuangusha kwenye mikono isiyo na mbinu? Akasema, “Si ndiyo tutajua, Mama mkubwa?”

Kanuni zenu zinataka kila kamati ya maadili iwe na mtu wa kawaida anayewakilisha jamii. Mkikosa mtu, mimi nipo. Kutoka Bombo hadi Kampala ni taksi moja, na saa tatu asubuhi nitakuwa nimeshafika.

Wenu katika kuwatunza watoto hawa,

Muuguzi mstaafu wa afya ya akili,
Bombo, Wilaya ya Luweero